Namna ya kugeuza maneno ya mtu kuwa kauli taarifa katika Kiingereza, hatua kwa hatua

Mtu akikuambia leo, "Nitakupigia kesho," kisha asipige, wiki ijayo ukimsimulia mwenzako utasema, "Alisema atanipigia kesho yake." Hukufundishwa na yeyote kufanya hivyo. "Nitaku-" imekuwa "atani-", na "kesho" imekuwa "kesho yake", kwa sababu anayesimulia si yule aliyesema, na siku ya kusimulia si siku ya kusema. Sehemu kubwa ya kauli taarifa, ambayo Kenya wanaiita usemi wa taarifa, unaingia nayo darasani ukiwa unaijua tayari.

Kiingereza kinadai jambo moja zaidi ambalo mazungumzo yetu hayalazimishi: kitenzi nacho kirudi nyuma kwenye wakati.

"I will call you tomorrow," he said.
He said that he would call me the next day.

Anayeandika "He said that he will call me tomorrow" amefikiri kwa Kiswahili cha mazungumzo, ambamo "-ta-" hubaki "-ta-". Lakini hata sisi, katika Kiswahili cha darasani, huandika "alisema angenipigia". Basi ishike hiyo: "will" ikigeuka "would" ni ile ile "-ta-" inayogeuka "-nge-".

Maswali ya kuandika upya sentensi kwa kufuata maelekezo yamo katika mitihani ya Kiingereza ya kidato cha nne Tanzania na katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari wa Kenya, na kauli taarifa haikosi kuvizia humo. Nje ya mtihani, anayeandika muhtasari wa kikao kwa Kiingereza anaitumia kila mstari. Kwa hiyo inafaa kuielewa, maana iliyokaririwa tu hupotea mara baada ya mtihani.

Wengi huanza kwa kukariri jedwali la nyakati. Mimi naliweka jedwali hilo katika hatua ya nne, kwa kuwa makosa mengi hutokea kabla hujalifikia.

Hatua ya 1: Tambua ni sentensi ya aina gani

Kabla ya kugusa neno lolote, jiulize: msemaji alikuwa anatoa habari, anauliza, au anaagiza na kuomba? Jibu ndilo linalokuambia utaunganisha kwa neno gani. Habari huunganishwa kwa "that". Swali huunganishwa kwa "if" au "whether", au kwa neno lake lenyewe la kuuliza kama "where" na "why". Amri na ombi huunganishwa kwa "to".

Tazama maana, usitazame alama ya mwisho peke yake. Sentensi hizi mbili zote zina alama ya kuuliza:

"Can you swim?" he asked me.
"Can you close the door, please?" he asked me.

Ya kwanza ni swali kweli, anataka kujua kama unaweza kuogelea. Ya pili hakuna anayepima uwezo wako wa kufunga mlango, ni ombi. Kwa hiyo:

He asked me if I could swim.
He asked me to close the door.

Neno "please" limeondoka kwa sababu adabu yake imeshabebwa na "asked".

Hatua ya 2: Chagua kitenzi cha kuripoti

Hapa Kiswahili kinakusaidia kuliko vitabu vingi vinavyokubali. "Say" ni sema. "Tell" ni ambia. Huwezi kusema "aliambia kwamba amechoka" ukanyamaza. Msikilizaji atauliza, alimwambia nani? "Ambia" lazima iwe na mtu ndani yake: aliniambia, alimwambia, aliwaambia. "Tell" iko hivyo hivyo. Kwa hiyo "He told that he was tired" ni kosa, na "He told me that he was tired" ni sahihi.

Upande wa pili, "alinisema" haina maana ya "aliniambia"; ukisikia fulani kakusema, ujue umesengenywa au umekemewa. Na Kiingereza hakikubali "He said me". Ukitaka kumtaja msikilizaji, andika "He told me", au walau "He said to me". Mtihani ukikupa "said to me" katika kauli halisi, yaani maneno ya msemaji kama alivyoyatamka, kwa kawaida unategemewa uigeuze kuwa "told me".

Vitenzi vingine viwili huangusha watu: "explain" na "suggest". Havichukui mtu moja kwa moja. Ni "She explained to me that...", wala si "She explained me that...".

Hatua ya 3: Panga watu upya

Hii unaijua kwa mazoea, ila Kiingereza kina mtego mmoja. "Yeye" yetu haina jinsia, na kiambishi "a-" hakisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza kinakulazimisha uchague "he" au "she", na uchaguzi huo uende sawa hadi mwisho pamoja na "his", "her" na "him". Mwanafunzi anayeandika "Rehema said that he had lost his key" ameshajua kila kitu kuhusu nyakati na bado amepoteza alama.

Jiulize maswali mawili: nani alisema, na alimwambia nani? "I" humfuata msemaji. "You" humfuata msikilizaji.

"I have lost your key," Rehema said to Asha.
Rehema told Asha that she had lost her key.

Sarufi ni sahihi, lakini ufunguo ni wa nani? Msomaji hajui. Katika mtihani jibu hili linakubalika. Katika ripoti ya kazini usiiache hivyo, taja jina: "that she had lost Asha's key".

Hatua ya 4: Rudisha kitenzi nyuma

Sasa jedwali. Kanuni ni moja: kila wakati hurudi nyuma hatua moja.

"I work" huwa "he worked".
"I am working" huwa "he was working".
"I have worked" huwa "he had worked".
"I worked" huwa "he had worked".
"I was working" huwa "he had been working".
"will" huwa "would", "can" huwa "could", "may" huwa "might", na "must" ya wajibu huwa "had to".

Angalia mstari wa tatu na wa nne: nyakati mbili tofauti zimeishia mahali pamoja, kwenye "had worked". Nyuma ya hapo hakuna wakati mwingine wa kurudi. Ndiyo sababu sentensi ambayo tayari ina "had" ya namna hiyo, kama "had worked", haibadiliki, na vivyo hivyo "would", "could", "should", "might" na "ought to".

"Must" ina sura mbili. Ikiwa ni wajibu, geuza: "I must leave," he said, huwa "He said that he had to leave." Ikiwa msemaji anakisia, yaani bila shaka jambo liko hivi, iache: "She must be at home," he said, huwa "He said that she must be at home." Ukiandika "she had to be at home" umemlazimisha mtu kukaa nyumbani.

Sasa mahali ambapo hurudishi nyuma. Kwanza, kitenzi cha kuripoti kikiwa katika wakati uliopo. "Mother says, 'I am tired'" huwa "Mother says that she is tired", basi. Wengi huona tu neno la kuripoti na kukimbilia jedwali bila kutazama kama ni "says" au "said". Hilo "s" la mwisho linaokoa sentensi nzima.

Pili, jambo ambalo ni kweli siku zote.

"The Nile flows into the Mediterranean Sea," the teacher told us.
The teacher told us that the Nile flows into the Mediterranean Sea.

Mto Nile haukuacha kutiririka mwalimu alipofunga mdomo. Katika matumizi ya kawaida mtu akiandika "flowed" hatavunja sarufi, lakini anayetunga swali kama hili anataka kuona kama umetambua ukweli wa kudumu, kwa hiyo mpe "flows".

Tatu, sentensi za "if" za kudhania tu. "If I had money, I would buy a bicycle," he said, huwa "He said that if he had money, he would buy a bicycle." Watu wamebadilika, vitenzi vimebaki. Lakini "if" ya jambo linalowezekana hurudi nyuma kama kawaida: "If it rains, I will stay at home" huwa "He said that if it rained, he would stay at home."

Hatua ya 5: Maneno ya siku na mahali

"Today" huwa "that day". "Tomorrow" huwa "the next day" au "the following day". "Yesterday" huwa "the day before" au "the previous day". "Last week" huwa "the week before", "next week" huwa "the following week", "tonight" huwa "that night", "now" huwa "then". "Two days ago" huwa "two days before". "Here" huwa "there", "this" huwa "that", "these" huwa "those".

Ukitaka kuona kwa nini hatua hii ina uzito, fikiria muhtasari wa kikao cha kikoba. Mhazini kasema, "Three members have not paid this month. They will pay tomorrow." Ukiandika "tomorrow" kwenye daftari, mtu atakayelifungua baada ya miezi sita atasoma kesho ipi? Andika hivi:

The Treasurer reported that three members had not paid that month and that they would pay the following day.

Hapo hata mgeni akilisoma mwakani, habari haipotoki. Kwa sababu hiyo hiyo, kama unaripoti siku ile ile na mahali pale pale, "tomorrow" na "here" zinaweza kubaki. Katika mtihani usitumie uhuru huo; badilisha.

Vitenzi vya kwenda na kuja navyo hufuata mahali. "Come here, Juma," she said, huwa "She told Juma to go there," ikiwa wewe unayesimulia huko pale. Jina la kuitia, "Juma", limeingia ndani ya sentensi kama mtu aliyeambiwa, na mkato wake umeondoka.

Maswali: hapa ndipo panapoumiza

Mwanafunzi wa Kiswahili huhangaika muda mrefu kujifunza kwamba Kiingereza kinapouliza hugeuza mpangilio: "you live" inakuwa "do you live". Akishaizoea, kauli taarifa inamwambia airudishe. Wengi hawairudishi:

"Where do you live?" he asked me.
Kosa: He asked me where did I live.
Sahihi: He asked me where I lived.

Swali likishasimuliwa limeacha kuwa swali. Wewe unatoa habari kwamba mtu fulani aliuliza. Kwa hiyo mtendaji hutangulia kitenzi, kama katika sentensi yoyote ya habari. Maneno "do", "does" na "did" yanaondoka kabisa, na wakati yaliokuwa yameubeba unahamia kwenye kitenzi kikuu kabla ya kurudi nyuma hatua moja.

"Did you see the doctor?" she asked him.
She asked him if he had seen the doctor.

"What is your name?" the clerk asked me.
The clerk asked me what my name was.

Wengi huandika "what was my name". Soma jibu lako kwa sauti: kama linasikika kama swali, bado hujamaliza.

Swali la ndiyo au hapana linachukua "if" au "whether", ambazo ni "kama" na "iwapo" zetu. Palipo na chaguo la mambo mawili, "whether" inakaa vizuri zaidi: "He asked whether I wanted tea or coffee." Usiongeze "that" kabla yake. "He asked me that if..." inatoka kwenye "aliniuliza kwamba kama..." ya mazungumzo yetu, na Kiingereza hakiipokei. Alama ya kuuliza nayo ifute, weka nukta, na alama za kunukuu ziondoke zote.

Amri, maombi, na yale yasiyo na fomyula

Kiswahili hugeuza "Keti!" kuwa "alimwambia aketi", na "Usiguse!" kuwa "alimwambia asiguse". Kiingereza hutumia "to", na katika kukataza "not to".

"Sit down," the teacher said to the pupils.
The teacher told the pupils to sit down.

"Don't touch this wire," the electrician said to him.
The electrician warned him not to touch that wire.

Chagua kitenzi kinacholingana na sauti ya msemaji: "told" kwa agizo la kawaida, "ordered" kwa amri ya mkubwa, "asked" kwa ombi, "begged" kwa kusihi, "warned" kwa onyo, "advised" kwa ushauri. Anayechagua vizuri hapa anaonyesha kwamba ameyasikia maneno, hakuyahesabu tu.

"Let's" ina njia yake. "Let's take the ferry," he said, huwa "He suggested taking the ferry" au "He suggested that they should take the ferry." Usiandike "suggested to take".

Kuna maneno ambayo ukiyageuza neno kwa neno yanakuwa kichekesho. "Thank you" huwa "She thanked him." "Good morning" huwa "He greeted them." "Congratulations" huwa "They congratulated her." "Sorry I am late" huwa "He apologised for being late." Na "What a beautiful house!" huwa "She exclaimed that it was a very beautiful house." Hapa unasimulia kitendo kilichofanywa na maneno yale.

Mazungumzo mazima, kuanzia mwanzo hadi mwisho

Zuhura kaenda kwa fundi cherehani kuchukua gauni.

"Is my dress ready?" Zuhura asked the tailor.
"I'm sorry, it isn't ready yet," he said. "My machine broke down yesterday."
"You promised me last week that you would finish it today!" she said.
"Please come back tomorrow morning," he said, "and don't pay anything now."
"What will I wear tonight?" she asked him.

Sasa simulizi:

Zuhura asked the tailor if her dress was ready. He apologised and said that it was not ready yet, explaining that his machine had broken down the day before. Zuhura protested that he had promised her the week before that he would finish it that day. The tailor asked her to come back the next morning and told her not to pay anything then. Zuhura asked him what she would wear that night.

Pitia mstari wa tatu polepole. "Promised" imekuwa "had promised", lakini "would finish" haikusogea, kwa kuwa haina pa kurudi. "You" ya kwanza na ya pili zote ni fundi, kwa hiyo "he" na "he". "Me" ni Zuhura, kwa hiyo "her". "Today" imekuwa "that day". Na sikuandika "said", nimeandika "protested", kwa sababu mtu aliyeahidiwa gauni la shughuli ya usiku huo hasemi tu, analalamika.

Ukitakiwa kurudi kinyume, kutoka taarifa hadi kauli halisi, kumbuka zile nyakati mbili zilizoishia kwenye "had". "She said that she had lost the ticket" inaweza kuwa "I lost the ticket" au "I have lost the ticket". Tafuta neno la siku: pakiwapo "the day before", chagua "I lost the ticket yesterday", maana "have lost" haikai pamoja na "yesterday".

Jaribu mwenyewe, funika majibu

1. "I have never been to Zanzibar," Neema told me.
2. "You must be hungry," Grandmother said to me.
3. "May I use your phone?" the boy asked her.
4. "Why didn't you come here yesterday?" the doctor asked him.
5. "Don't open these boxes until I return," the officer said to us.

Majibu:

1. Neema told me that she had never been to Zanzibar.
2. Grandmother told me that I must be hungry. Bibi anakisia, kwa hiyo "must" imebaki.
3. The boy asked her if he could use her phone. "Might" nayo inakubalika, ila "could" ndiyo inayosikika zaidi katika kuomba ruhusa.
4. The doctor asked him why he had not gone there the day before. "Did" imeondoka, "come here" imekuwa "gone there".
5. The officer told us not to open those boxes until he returned. Sentensi haikusema kama ofisa ni mwanamume au mwanamke, kwa hiyo "she" nayo ni sahihi. "Until" haipokei "would", na anayeandika "until he would return" ameisukuma kanuni ya "-nge-" mahali ambapo msemaji hakutamka "will".